Mwimbaji wa klasiki unayeanza: jinsi ya kuandaa karatasi, picha na rekodi zako kabla hujabisha hodi

Kila warsha ya waimbaji chipukizi ninayokaa kwenye piano, maswali ni yale yale. Wasifu uwe na urefu gani? Nirekodi kwa simu au nikodi studio? Picha hii inafaa? Nitafute wakala sasa hivi? Nimeyajibu mara nyingi nikiwa nimesimama kwenye korido, huku jina la mtu mwingine linaitwa ndani, mpaka nikaona bora niyaandike mara moja.

Mimi si wakala wala mwimbaji. Ni mpiga piano wa odisheni, yaani majaribio ya kuchagua waimbaji mbele ya jopo, yule anayekaa pembeni na kusikia watu 20 au 30 kwa siku, na akatega sikio kidogo mlango ukishafungwa. Wanajopo wananong'ona nini? Ni nadra kusema "sauti mbaya". Mara nyingi wanaulizana, "Huyu tungemweka wapi?" Wasipopata jibu wanageuza karatasi, wanamwita anayefuata.

Basi mtu akikwambia ujenge "chapa binafsi", usikimbilie rangi na nembo. Kwa mwimbaji wa klasiki chapa ni hiyo tu: karatasi, picha, rekodi na koo lako viseme jambo moja, na jambo hilo lijibu swali la jopo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mwalimu wa sauti au kocha anayekusikia mara kwa mara na asiyeogopa kukukatalia.
- Aria tano, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja kutoka kwenye opera, ulizokwisha kuziivisha. Ukiwa nazo tatu, anza na tatu.
- Mpiga piano wa kweli. Muziki wa kurekodiwa haukufuati, na jopo linajua.
- Chumba tulivu chenye piano iliyotuniwa karibuni.
- Simu au kamera yenye stendi, na kinasa sauti cha pembeni, hata cha kuazima.
- Wiki 6 hadi 8. Anayejaribu kumaliza yote wikendi moja huishia kurudia yote.
- Jina. Amua sasa utaandikwaje, tahajia ile ile, mpangilio ule ule, kwenye programu, barua pepe, video na kila mahali. Nimeona mwimbaji mmoja mwenye majina matatu tofauti mtandaoni. Aliyetaka kumwalika alidhani ni watu watatu.

Hatua ya 1: Jua sauti yako inakaa wapi

Nadharia ni kidogo tu hapa. Nyumba za opera za Ujerumani hutumia mfumo uitwao Fach: sauti haigawanywi kwa urefu wa nota peke yake, bali pia kwa uzito, rangi na wepesi wake, na majukumu hugawanywa kufuata makundi hayo. Hata kama huna mpango wa kuimba Ujerumani, wanajopo wengi wanafikiri hivyo.

Kaa na karatasi ujaze sentensi hii: "Mimi ni ___, ninachoimba vizuri kuliko vyote ni ___, na nikiitwa kesho naweza kupanda jukwaani na ___." Kisha mwombe mwalimu wako, kocha wa lugha na mpiga piano mmoja waijaze kwa niaba yako, kila mtu peke yake, bila kuona za wenzake. Zikilingana, endelea. Zikipingana, simama hapo kwanza, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya sentensi hii.

Jambo jingine la kufanya jioni moja: fungua Operabase, hifadhidata ya maonyesho ya opera iliyoanza mwaka 1996. Tafuta mwimbaji wa sauti kama yako aliyekutangulia miaka mitano au kumi. Usitazame anachoimba leo. Shuka chini uone alianza na majukumu gani. Hiyo ndiyo ramani yako ya karibu.

Tahadhari: usichague kwa kupenda. Mwimbaji wa tena (tenor, sauti ya juu ya kiume) wa miaka 22 akitoa "Nessun dorma", mimi huanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Aria hiyo ya Puccini ni ya sauti nzito iliyokomaa. Kijana akiiimba anachowaonyesha watu ni kwamba bado hajijui. Vivyo hivyo Malkia wa Usiku, mhusika wa opera ya Mozart, anayepanda hadi F ile ya juu kabisa. Kama F hiyo inakuja siku tatu kati ya saba, bado si yako.

Hatua ya 2: Panga aria tano, na faili la mpiga piano

Mtindo wa kawaida wa odisheni ni huu: ya kwanza unachagua wewe, ya pili linachagua jopo kutoka kwenye orodha yako. Kwa hiyo orodha nzima ni ahadi.

Tafuta mchanganyiko: Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, au lugha nyingine unayoimudu kweli, kitu cha Mozart au cha kabla yake, kitu cha karne ya 19, kitu cha karne ya 20 au cha sasa. Weka moja ya haraka na moja ya pole, na mmoja wa wahusika awe mcheshi kama unaweza kuchekesha. Ya kufungulia iwe ile unayoiimba vizuri hata magoti yakitetemeka, na inayokuonyesha ndani ya nusu dakika ya kwanza.

Usiweke pambo. Niliwahi kumpigia msichana aliyeimba ya kwanza vizuri mno, jopo likainua macho. Wakaomba ya tano. Akanigeukia, akaniambia kwa midomo tu, bila sauti: "Hiyo siijui." Alikuwa ameiandika ili orodha ijae.

Sasa faili. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana ndipo ninapoishi mimi.

Chapisha kurasa pande mbili, uzitie kwenye faili la pete linalofunguka na kulala bapa. Usitumie bahasha za plastiki zinazong'aa. Taa ya juu ikipiga pale, nota zinapotea. Kagua kila ukurasa uone kama mashine ya fotokopi haijakata mstari wa chini. Mstari huo ndio mkono wa kushoto, yaani besi inayokushika wewe usianguke. Nimewahi kubuni besi ya ukurasa mzima huku mwimbaji akinitazama kana kwamba nimelewa. Unaporuka sehemu, zifute kabisa kwa mistari mikubwa na uandike "ruka hadi hapa". Mshale mdogo wa penseli hauonekani mtu akiwa mbioni. Weka alama za pumzi zisizo za kawaida na mahali unapochelewesha. Na hakikisha nota ziko kwenye ufunguo (key) unaouimba.

Ukifika kwenye piano una sekunde 15. Usinionyeshe mwendo kwa kupiga vidole juu ya kichwa changu. Niimbie kwa sauti ya chini mstari mgumu kuliko yote, kwa mwendo unaoutaka. Nitaupata hapo hapo.

Hatua ya 3: Wasifukazi wa ukurasa mmoja

Juu: jina, aina ya sauti, simu, barua pepe, tovuti. Chini yake majukumu kwa safu nne: jukumu, jina la opera, ni wapi, mwaka. Kisha matamasha, elimu, walimu na makocha, waongozaji wa muziki uliofanya nao kazi, tuzo, lugha.

Tenganisha wazi jukumu kamili, onyesho la sehemu tu, ukiwa mbadala wa mwimbaji mwingine, na jukumu ulilojifunza bila kupanda nalo. Yote yanahesabika, ila kila moja liitwe kwa jina lake. Ulimwengu huu ni mdogo: mtu wa tatu mezani huenda ndiye aliyeongoza onyesho unalodai uliimba.

Majukumu uliyojifunza hasa usiyadharau. Januari 2013 Pretty Yende wa Afrika Kusini aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, New York, akimbadili mwenzake kwa taarifa ya muda mfupi. Simu za namna hiyo humpata mwimbaji ambaye watu wanajua tayari anaweza kubeba nini.

Angalia pia unatuma wapi. Kwenye nchi za Kijerumani ni desturi kuweka picha na tarehe ya kuzaliwa; Marekani umri hauwekwi. Tuma PDF, na jina la faili liwe jina lako na sauti yako. Faili liitwalo "cv mpya ya mwisho 2" linazikwa na mengine 40 yaitwayo hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Wasifu wa kusoma, wa urefu wa aina tatu

Huu ni tofauti na wasifukazi: ni aya zinazochapishwa kwenye programu ya tamasha. Andika wa maneno 50, wa 150 na wa 300, yote kwa nafsi ya tatu. Anza na ule wa 50. Ni mgumu, na ukiupata mingine inafuata yenyewe. Usipoandaa huo mfupi, mhariri wa programu ataukata mrefu mwenyewe, na atakata pale usipopenda.

Kosa ninalolisoma kila wiki linaanza hivi: "Tangu akiwa na miaka mitatu alionyesha kipaji cha ajabu cha muziki, na sauti yake ya kipekee imegusa mioyo ya wengi." Hapo sijajua kama ni soprano (sauti ya juu ya kike) au besi (sauti ya chini ya kiume). Jaribu hivi: "Soprano mwepesi anayejikita kwenye Mozart na nyimbo za kisanaa za Kifaransa. Msimu huu anaimba jukumu la Susanna katika opera ya chuo chake, baada ya kuwa mbadala katika jukumu la Barbarina mwaka jana." Hakuna sifa hata moja, na tayari nimemwona mtu.

Futa kila "mahiri", "wa kipekee" na "mwenye kipaji", isipokuwa kama ameyaandika mhakiki na unaweza kumtaja. Usiorodheshe kila darasa la wazi (masterclass) ulilohudhuria, mawili yanatosha. Weka tarehe juu ya faili, na kila miezi mitatu lifungue tena.

Hatua ya 5: Picha

Kipimo ni kimoja: ukiingia chumbani, anayeishika hiyo picha akutambue mara moja. Macho yaonekane vizuri, mwanga laini, kitu nyuma kisichogombania macho. Piga moja ya wima na moja ya mlalo. Mwambie mpiga picha mapema asikulainishe ngozi mpaka iwe plastiki, wala asiing'arishe rangi yako. Omba faili kubwa la kuchapa, la dpi 300, na dogo la kutuma kwa barua pepe, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuitumia kwenye programu na magazeti. Jina la mpiga picha liandikwe kila inapotumika.

Ukisuka au kunyoa upya kabisa, piga nyingine.

Hatua ya 6: Rekodi

Ukiwa na pesa au nguvu ya kitu kimoja tu, iweke hapa. Siku hizi raundi ya kwanza ya mashindano na programu nyingi za vijana ni video, na wengi hutolewa pale pale kabla ya kuonana na mtu.

1. Chagua chumba kwa makofi. Piga kofi moja. Likifa papo hapo, mazulia yamekula sauti. Likizunguka kama bafuni, konsonanti zako zitapotea. Unataka mkia mfupi.
2. Weka kinasa sauti mita 2 hadi 3 mbele yako, juu kidogo ya usawa wa kichwa. Piano iwe nyuma au ubavuni mwako. Ikiwa inakufunika, fungua kifuniko kidogo tu.
3. Zima kila kinachorekebisha sauti chenyewe. Simu nyingi hubana ukipaza na kuinua ukipunguza, hivyo pianisimo (sauti ya chini kabisa) uliyoihangaikia miaka mitatu inatoka sawa na fortisimo (sauti ya nguvu kabisa).
4. Imba nota yako kubwa kuliko zote, kisha shusha kiwango mpaka kilele kikae kati ya desibeli -10 na -6. Wengi hupima kwa kuongea, halafu nota ya juu inapasuka.
5. Kamera iwe mlalo, usawa wa macho, ikuonyeshe kuanzia magotini kwenda juu. Piga kofi moja mbele yake ili baadaye uoanishe picha na sauti.
6. Rekodi aria mbili kwa kikao, kila moja isizidi mara tatu. Ya nne huwa imechoka, na ya tano ina hasira.
7. Utangulizi mrefu wa piano ufupishwe uwe vipimo (bars) viwili. Hakuna anayesubiri sekunde 50 kabla hujafungua mdomo.
8. Usiunganishe vipande na usiongeze mwangwi. Nota moja iliyoyumba ndani ya wimbo mzima husamehewa. Kiungo kikisikika, kila kitu kingine kinashukiwa.
9. Andika kichwa cha video hivi: jina, sauti, aria, opera, mtunzi, mpiga piano, mwaka.

Rekodi ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu ichukulie kama imepitwa, hasa ukiwa chini ya miaka 30. Sauti yako imeshahama.

Hatua ya 7: Mahali pamoja mtandaoni

Tovuti ya ukurasa mmoja inatosha: picha, wasifu wa maneno 150, video mbili, tarehe zijazo, mawasiliano. Kama huna tarehe zijazo, ondoa kabisa sehemu hiyo. Kalenda iliyoishia miaka miwili nyuma ni mbaya kuliko kukosa kalenda. Mitandao ya kijamii chagua mmoja unaoupenda, uutunze. Omba ruhusa kabla ya kupandisha mazoezi yenye sura au sauti za wenzako. Na angalia haki za watunzi: Mozart hana tatizo, lakini Britten, kwa mfano, alifariki 1976, na kazi zake bado zina wenyewe katika nchi nyingi.

Hatua ya 8: Kutuma

Tengeneza jedwali: unakoomba, ukomo wa umri, ada, tarehe ya mwisho, ulichotuma, walichojibu. Mashindano kama Operalia, lililoanza 1993, Neue Stimmen au BBC Cardiff Singer of the World, na programu za vijana za nyumba kubwa za opera, kila moja ina masharti yake ya umri na nyimbo. Yasome kwenye tovuti yao mwaka ule ule unaoomba. Jumlisha ada na nauli kabla ya kujaza fomu. Omba machache unayofaa kuliko mengi ya kubahatisha.

Barua pepe iwe mistari mitano: wewe nani, sauti gani, unaomba nini, kiungo cha video moja, shukrani. Usiambatishe faili za megabaiti 60.

Jitambulishe kwa sauti nyumbani mara 20: jina lako, aria, opera, mtunzi. Utashangaa ni wangapi wanaojikwaa kwenye jina lao wenyewe.

Kuhusu wakala: huna haraka. Wakala wa kweli hula kamisheni kwenye kazi uliyoipata, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20. Anayetaka "ada ya kukutangaza" kabla hujaimba nota moja, mshukuru na uondoke.

Yakienda kombo

*Kila mtu ananiita sauti tofauti.* Ukiwa chini ya miaka 25 ni jambo la kawaida. Andika jina pana, "soprano" au "baritoni" tu, na orodha yako iegemee nyimbo nyepesi. Usiweke aria za mezo (sauti ya kike ya katikati) na za soprano kwenye orodha moja.

*Sina jukumu hata moja la kuandika.* Andika matamasha ya kwaya ulikoimba peke yako (solo), sehemu za opera darasani, majukumu uliyojifunza. Nusu ukurasa wa kweli unatosha.

*Video yangu imezuiwa kwa "haki miliki", na ni Mozart.* Mifumo ya kompyuta hufananisha uimbaji wako na rekodi ya mtu mwingine. Pinga kupitia fomu ya mtandao huo, eleza kwamba mtunzi hana tena ulinzi na kwamba wanaosikika ni wewe na mpiga piano wako.

*Nimetuma 15, hakuna anayejibu.* Usibadilishe vyote kwa mpigo. Mpe mtu asiyekujua sekunde 30 za video yako, umuulize amesikia sauti ya aina gani. Jibu lake lisipofanana na sentensi yako ya Hatua ya 1, rudi pale.

*Naumwa siku ya odisheni.* Kama ni koo lenyewe, omba siku nyingine mapema, wengi wataelewa. Ukiamua kuimba, imba bila kuomba radhi kwanza. Jopo likishaambiwa una mafua, linasikia mafua tu.

*Mpiga piano anaburuta.* Usipige mguu, usinitazame kwa jicho kali. Weka konsonanti mapema na uchukue pumzi kwa mwendo unaoutaka. Pumzi ndiyo tunayoifuata. Nikiendelea kuburuta hata baada ya hapo, kosa ni langu, na mezani pale wote wanasikia.